Mlango Unaojifunga: Swichi ya Mtandao, Ofisi za Nsambya na Uzito wa Viambishi vya Kitenzi katika Utambuzi wa Hitilafu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hitilafu moja inayowasumbua watunzaji wa mitandao ya kompyuta: mlango wa swichi unaojifunga, ukafunguliwa, kisha ukajifunga tena. Maelezo yamejengwa juu ya mazingira ya Nsambya, mjini Kampala, ambako hospitali, vyuo, ubalozi na kambi ya polisi vimepakana, na ambako Kiswahili kina wasemaji wa kila siku kuliko sehemu nyingi za mji huo. Inatolewa hoja kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa hitilafu hii haiko katika mashine bali katika namna inavyoripotiwa: mtumiaji husema kifaa "kinajizima", msikilizaji huelewa kwamba kifaa ni kibovu, na fedha za umma hununua swichi mpya isiyohitajika. Mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili unaweza kutenganisha hali ambazo lugha ya ripoti huzichanganya, iwapo waundaji wa istilahi wataanza na kitenzi badala ya kuanza na nomino.

1.0 Utangulizi

Kilima cha Nsambya kilikabidhiwa wamisionari wa Mill Hill na Kabaka Mwanga mwaka 1895, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyopo hapo ilianzishwa mwaka 1903. Leo, mtu anayepita barabara ya Ggaba kutoka upande wa mjini hukutana na majengo ya aina mbalimbali katika eneo dogo: ubalozi wa Marekani, chuo kikuu, makanisa, shule, maduka ya vifaa vya elektroniki, na si mbali na hapo kambi ya polisi. Kila jengo kati ya hayo lina mtandao wake wa ndani, na kila mtandao wa ndani una swichi.

Kambi ya polisi ndiyo inayoifanya Nsambya iwe mahali pazuri pa kufikiria lugha na teknolojia kwa pamoja. Kampala ni mji wa Kiganda, na hakuna sababu ya kudai vinginevyo. Hata hivyo, tangu enzi za ukoloni Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya polisi na jeshi nchini Uganda, na katika makazi ya askari watoto wamekua wakikisikia. Historia hiyo ina uchungu wake. Gavana Gowers alipokipigia debe Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1920 alipata upinzani mkali kutoka Buganda, na matumizi ya lugha hiyo katika vituo vya ukaguzi wakati wa utawala wa Idi Amin yaliacha kumbukumbu ambazo hazijafutika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mjadala wa utekelezaji umejikita katika walimu, vitabu na mitihani. Ni nadra kuulizwa swali dogo la ofisini: mfanyakazi wa mapokezi atamwelezaje fundi, kwa Kiswahili, kwamba mtandao umekatika, na maelezo yake yatamsaidia fundi huyo kiasi gani?

2.0 Swichi hufanya nini, na kwa nini ijifunge

Swichi ya mtandao si swichi ya taa, ingawa zinashiriki jina. Ni kisanduku chenye matundu mengi, kwa kawaida 8, 24 au 48, na katika kila tundu huchomekwa kebo inayoelekea kwenye kompyuta, simu ya mezani, kamera au swichi nyingine. Tundu hilo, pamoja na saketi zilizo nyuma yake, ndilo linaloitwa mlango katika makala haya. Sababu za kuchagua neno hilo zitaelezwa baadaye. Kila kifaa kina anwani yake ya biti 48. Swichi hujifunza ni anwani gani iko nyuma ya mlango upi, kisha hupeleka kila fremu ya data kwenye mlango unaohusika. Fremu ikiwa haina mlengwa mmoja, yaani ni tangazo kwa wote, swichi huinakili na kuitoa kwenye milango yote isipokuwa ule ulioileta.

Hatari inaanzia hapo. Pakiti ya itifaki ya intaneti hubeba hesabu ya miruko inayopungua kila ipitapo kwenye ruta. Hesabu ikifika sifuri, pakiti hutupwa. Fremu ya Etheneti haina hesabu ya namna hiyo. Ikiwa kebo zimeunganishwa hata zikafanya kitanzi, tangazo moja litazunguka bila kikomo, na kila mzunguko swichi zitalizidisha. Ndani ya sekunde chache kebo zinajaa nakala za ujumbe uleule na hakuna kompyuta inayoweza kupata nafasi ya kusema. Mafundi huita hali hiyo dhoruba.

Suluhisho la msingi lilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, na taasisi ya IEEE ikaliweka katika kiwango cha 802.1D mwaka 1990. Swichi hutumiana ujumbe mfupi, kwa kawaida kila baada ya sekunde 2, zikachagua mmoja wao kuwa mzizi, kisha zikaziba njia za ziada ili mtandao ubaki na umbo la mti. Mti hauna kitanzi. Njia zilizozibwa hubaki zikisubiri, na hufunguliwa iwapo njia kuu itakatika.

Juu ya ulinzi huo watengenezaji wameongeza walinzi wengine wanaosimama katika mlango mmojammoja. Mlinzi mmoja huufunga mlango wa kompyuta ukipokea ujumbe ambao unapaswa kutoka kwa swichi tu. Mwingine huhesabu anwani zinazoonekana nyuma ya mlango na kuufunga idadi ikipita iliyoruhusiwa. Katika swichi nyingi za Cisco idadi ya kuanzia ni anwani 1, na adhabu ya kuanzia ni kufunga. Mwingine huangalia kama kiungo kinawaka na kuzimika harakaharaka: mara 5 ndani ya sekunde 10 zinatosha. Wapo pia wanaoangalia umeme unaopitishwa kwenye kebo kwa ajili ya simu na kamera, kutolingana kwa mwendo baina ya pande mbili, na mambo mengine ambayo hayana haja ya kuorodheshwa hapa. Yeyote kati yao akishtuka, taa ya mlango hugeuka rangi ya chungwa au huzimika, na kwenye skrini ya msimamizi hali ya mlango huandikwa err-disabled.

Ikumbukwe kwamba mlango uliofungwa hivyo haukuharibika. Umefanya kazi yake, kama kikata-umeme cha ukutani kinavyofanya kazi yake pale pasi yenye hitilafu inapochomekwa.

3.0 Boston, Novemba 2002

Wasomaji wasio mafundi wanaweza kudhani kwamba kitanzi cha kebo ni usumbufu wa ofisi moja. Kisa kinachotajwa sana katika taaluma hii kilitokea katika hospitali, nacho kinastahili kusomwa na kila mshauri wa sera anayehusika na sekta ya afya. Tarehe 13 Novemba 2002, mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ulilemewa. Mtandao huo ulikuwa umekua kidogokidogo, swichi ikiongezwa nyuma ya swichi, hadi ukavuka kikomo cha swichi saba ambacho itifaki ya mti ilikusudiwa kukihudumia. Programu ya mtafiti mmoja ilipotoa wingi mkubwa wa data, swichi zikashindwa kupokeana ujumbe wa mti kwa wakati, njia zilizozibwa zikafunguka, na kitanzi kikazaliwa.

Kwa takriban siku nne hospitali ilirudi kwenye karatasi. Maagizo ya dawa yaliandikwa kwa mkono, na majibu ya maabara yalibebwa na wajumbe wakikimbia baina ya majengo. John Halamka, aliyekuwa mkuu wa TEHAMA, alichagua kukieleza kisa hicho hadharani ili wengine wajifunze, jambo ambalo ni nadra kwa wakuu wa idara za namna hiyo popote duniani.

Somo moja la Boston ni la uhandisi: mtandao uliokua bila mchoro huanguka bila onyo. La pili halisemwi mara nyingi. Mlango unaojifunga mapema, ukamkera karani mmoja, ni bei ndogo ikilinganishwa na mtandao mzima kulala. Anayemwamuru fundi "aondoe huo ulinzi ili watu wafanye kazi" anapaswa kuelezwa anachoomba.

4.0 Ofisi moja ya kufikirika

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kila hatua yake inafuata jinsi vifaa vinavyofanya kazi. Katika ofisi moja ya Nsambya kuna dawati lenye soketi moja ya mtandao ukutani. Mwanzoni dawati lilikuwa na kompyuta moja. Baadaye likaongezwa printa, kisha kompyuta ya pili. Hakuna aliyekuja kuvuta kebo mpya. Mtu akanunua mjini swichi ndogo ya matundu matano, akaichomeka chini ya dawati, na mambo yakaenda.

Ikiwa mlango wa swichi kubwa umewekewa kikomo cha anwani moja, utajifunga pale kompyuta ya pili itakapotuma fremu yake ya kwanza. Hapo chanzo ni rahisi kukipata, kwa kuwa tukio na matokeo yake vinakaribiana. Ikiwa ulinzi uliowekwa ni ule wa ujumbe wa mti, hakuna kitakachotokea siku hiyo, kwa sababu swichi ndogo za bei nafuu hazitungi ujumbe wa mti. Miezi inapita. Siku moja msafishaji anakuta ncha ya kebo imelegea sakafuni, na kwa nia njema anaichomeka kwenye tundu tupu la swichi ndogo, bila kujua kwamba ncha ya pili ya kebo hiyo tayari imo katika swichi hiyohiyo. Kitanzi kimekamilika. Swichi kubwa inatuma ujumbe wake wa kawaida, swichi ndogo inaupokea, inauzungusha na kuurudisha, na swichi kubwa inasikia sauti yake yenyewe ikitoka mahali ambapo inapaswa kuwapo kompyuta tu. Mlinzi anafunga mlango.

Karani anaita fundi. Fundi mwenye haraka, akiwa katika chumba cha vifaa ghorofa ya chini, anaona mlango umefungwa, anaandika amri ya kuufungua, anaona taa ya kijani kwa sekunde moja au mbili, na anaondoka kabla haijageuka. Au amekwisha kuweka swichi ijifungulie yenyewe kila baada ya sekunde 300, ambao ndio muda wa kawaida wa vifaa vya Cisco mpangilio huo ukiwashwa. Basi kila dakika tano mlango unafunguka, unasikia ujumbe wake, na kujifunga. Karani anaona intaneti "ikija na kuondoka". Anasema swichi inajizima. Mkuu wa ofisi anaandika barua ya kuomba swichi mpya.

Swichi mpya itafanya vivyo hivyo, isipokuwa kama imekuja bila ulinzi wowote. Katika hali hiyo mlango hautajifunga, na dhoruba itaingia jengo zima.

Utaratibu sahihi unaanza kwa kujizuia. Mlango usifunguliwe kabla ya kusoma sababu ya kufungwa kwake, kwa maana swichi inaijua na imeiandika: imetaja mlinzi aliyeshtuka na wakati aliposhtuka. Baada ya hapo fundi aifuate kebo hadi mwisho wake kwa miguu yake, si kwa mchoro wa zamani uliobandikwa ndani ya kabati. Kinachopatikana chini ya dawati mara nyingi kinamaliza uchunguzi. Ikiwa sababu iliyoandikwa ni kuwaka na kuzimika kwa kiungo, macho yaelekezwe kwenye kebo yenyewe: kichwa kilichobanwa vibaya, sehemu iliyokanyagwa na mguu wa meza, urefu uliozidi mita 100. Kipimo cha haraka ni kuihamishia kebo hiyo kwenye mlango mwingine wenye mpangilio sawa. Mlango mpya nao ukijifunga, tatizo limesafiri pamoja na kebo na swichi haina hatia. Ukibaki wazi na ule wa zamani ukaendelea kujifunga hata kwa kebo iliyothibitishwa kuwa nzima, ndipo mlango wenyewe ushukiwe. Kuufungua ndiyo hatua ya mwisho.

5.0 Ushahidi unaofutwa na umeme

Utaratibu huo unadhani kwamba sababu iliyoandikwa itakuwepo fundi atakapofika. Mjini Kampala dhana hiyo ina udhaifu. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na kukatika kwa umeme si habari kwa mkazi yeyote wa mji huo. Swichi nyingi huweka kumbukumbu za matukio katika kumbukizi ambayo hufutika umeme unapokatika. Zaidi ya hayo, hali ya kujifunga nayo haihifadhiwi: swichi ikiwaka upya, milango yote iliyokuwa imejifunga huanza ikiwa wazi.

Matokeo yake ni elimu potofu inayofundishwa na umeme wenyewe. Mlango unajifunga asubuhi, umeme unakatika mchana, unarudi, na mlango uko wazi. Wafanyakazi wanajifunza kwamba dawa ya mtandao ni kuzima na kuwasha, na wanajifunza hivyo kwa haki kabisa, kwani wameona ikifanya kazi. Kile wasichokiona ni kwamba kila kuzima kunafuta maandishi yaliyotaja chanzo. Saa ya swichi nayo, isipounganishwa na chanzo cha saa cha nje, hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, kiasi kwamba tukio la leo linaweza kuandikwa kana kwamba lilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ripoti ya namna hiyo haiwezi kulinganishwa na kitu chochote.

Dawa zake si ghali. Swichi inaweza kuagizwa itume nakala ya kila tukio kwenye seva moja iliyo na betri ya akiba, na ichukue saa kutoka kwenye mtandao. Taasisi iliyotenga fedha za swichi mpya lakini ikasahau mambo haya mawili imenunua mlinzi asiyejua kuandika.

6.0 Down ni neno moja. Kiswahili kina kadhaa

Kwa Kiingereza cha ofisini mlango usiofanya kazi ni down, na neno hilo hufunika angalau hali tatu ambazo swichi yenyewe huzitofautisha. Katika hali ya kwanza hakuna kitu upande wa pili: kebo haijachomekwa au kompyuta imezimwa. Katika ya pili msimamizi ameufunga mlango kwa amri. Katika ya tatu swichi imeufunga kwa kuona hatari. Hatua za kuchukua ni tofauti kabisa. Ya kwanza inahitaji mtu wa kuangalia kebo, ya pili inahitaji mazungumzo na msimamizi, na ya tatu inahitaji uchunguzi.

Mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili unaweza kuzibeba hali hizi bila kuazima neno: mlango haujaunganishwa, mlango umefungwa, mlango umejifunga. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mafunzo ya mitandao ili aone kwamba katika sentensi ya pili kuna mtendaji aliyefichwa na katika ya tatu hakuna mtu wa nje. Tofauti hiyo hudumu hata katika Kiswahili chenye upatanisho mwepesi wa ngeli, kile kilichozoeleka katika makazi ya askari na masoko ya bara. Anayesema "mlango inajifunga" amekiuka kanuni ya upatanisho, lakini kiambishi ji kiko mahali pake na kinafanya kazi yake. Kwa madhumuni ya utambuzi wa hitilafu, kosa lake halina gharama.

Tatizo liko kwenye kitenzi kinachochaguliwa. Watumiaji wa Afrika Mashariki wamekwisha kuwa na kitenzi cha kifaa kinachoacha kufanya kazi bila kuguswa: kujizima. Simu inajizima. Katika matumizi hayo kujizima ni dalili ya ubovu, betri imechoka au simu imeingia maji, na maana hiyo huingia ofisini pamoja na neno. Mtumiaji akisema swichi inajizima, kwa hakika ameripoti utambuzi, si dalili tu. Amesema swichi ni mbovu. Kitenzi kujifunga hakina mzigo huo. Mlango hufungwa ili kuzuia kitu kisipite, na msikilizaji ataelekea kuuliza ni kitu gani hicho.

Hata hivyo, kujifunga nako kuna upungufu wa kimantiki unaopaswa kukubaliwa. Mlango haujifungi, unafungwa na swichi ambayo ni sehemu yake. Kirejeshi kinaficha mtendaji kwa namna yake, sawa na kauli ya kutendwa isiyo na kiunganishi na. Kwa mazungumzo ya kila siku upungufu huo unavumilika. Kwa ripoti ya maandishi, inafaa kurudi kwenye kauli ya kutendwa na kulazimisha mtendaji atajwe: umefungwa na nani, kwa sababu gani. Kauli ya kutendika, mlango umefungika, ndiyo isiyofaa kabisa hapa, kwa kuwa inaeleza hali na kufuta swali la nani.

7.0 Poti, bandari au mlango

Kuhusu nomino maelezo yanaweza kuwa mafupi, ingawa vikao vya istilahi hutumia muda mwingi zaidi juu yake. Neno la Kiingereza port lina maana mbili kwa bahati ya historia, na tafsiri ya bandari huchukua ile isiyohusika. Swichi haina gati wala meli. Poti, kwa matamshi ya Kiswahili, ndilo linalosikika midomoni mwa mafundi, na hakuna sababu ya kulipiga vita. Mlango una faida mbili juu yake. Unakubali vitenzi kufunga na kufungua kiasili, jambo ambalo poti hulipata kwa kuazima. Pia, kwa mji wa Kampala, una ndugu wa damu: Kiganda husema omulyango kwa maana ya mahali pa kuingilia, kikiacha neno jingine, oluggi, kwa ubao unaofungwa. Mfanyakazi ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza ataukuta mlango ukiwa na sura anayoijua.

Kazi za nyuma zinatoa funzo juu ya jambo hili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza mwaka 2004 kutoa programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Ulionyesha kwamba lugha hii haishindwi na kompyuta. Lakini menyu ni orodha ya majina na amri, na msamiati wa TEHAMA uliofuata katika nchi mbalimbali umeendelea kwa mtindo huohuo wa orodha: tarakilishi au kompyuta, kipakatalishi au laptopu. Hitilafu haisimuliwi kwa majina. Husimuliwa kwa vitenzi, vikiwa na wakati, hali na kauli. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yako Zanzibar, iko katika nafasi nzuri ya kuandaa msamiati wa hitilafu ambao kidahizo chake ni kitenzi pamoja na minyambuliko inayotambulika, kwa sababu suala hili halimhusu msemaji wa nchi moja pekee.

8.0 Fomu na tangazo

Kwa washauri wa sera, mapendekezo yanayotokana na maelezo haya ni madogo na yanaweza kujaribiwa katika ofisi moja kabla ya kupelekwa kwingine. Fomu ya kuripoti hitilafu ya mtandao katika ofisi za umma iandikwe kwa lugha zote zinazotumika katika ofisi hiyo, Kiswahili kikiwemo, na sehemu ya mfanyakazi isimtake ataje ugonjwa wa kifaa. Imwulize alichokiona: taa ina rangi gani, lini mtandao ulifanya kazi mara ya mwisho, ni kitu gani kimeongezwa au kusogezwa kwenye dawati tangu wakati huo. Swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, na linahitaji kuulizwa pasipo kunusa lawama. Msafishaji anayeogopa kukatwa mshahara hatasema kwamba alichomeka kebo.

Sehemu ya fundi iwe na nafasi tatu ambazo fomu haikubaliki bila kujazwa: aliyefunga mlango, sababu iliyoandikwa na swichi kabla ya mlango kufunguliwa, na kilichokutwa upande wa pili wa kebo. Ombi la kununua swichi mpya lisipokelewe na ofisi ya ununuzi bila nakala ya fomu hiyo. Kwa sharti hilo moja fundi atalazimika kwenda hadi kwenye dawati.

Tangazo la ukutani karibu na soketi lisiwe katazo tupu. Maandishi ya aina ya "Hairuhusiwi kuchomeka kifaa chochote" hayasomwi na mtu mwenye kompyuta ya pili na soketi moja, maana hayamwambii afanye nini na shida yake. Yafaa zaidi maneno kama haya: "Soketi hii ni ya kompyuta moja. Ukihitaji nafasi ya pili, mwite fundi, atakuvutia kebo. Ukichomeka swichi ndogo hapa, mlango utafungwa na mtandao wako utakatika." Chini yake iandikwe namba ya chumba cha fundi, na fundi awe na kebo za kuvuta.